Hofu Iliyotiwa Wino: Tarehe ya Bima Mjini Bujumbura

Atokaye Bujumbura kwa barabara ya taifa ya kwanza, ile ielekeayo Bugarama na Kayanza hadi mpaka wa Rwanda, huanza safari yake karibu na usawa wa ziwa, ambao ni mita 770 na ushei juu ya bahari, na kabla hajamaliza kilomita 40 huwa amekwisha fika juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, akaingia katika baridi na ukungu. Na njiani, kona baada ya kona, huwaona vijana wa baiskeli walioshika kwa mkono mmoja nyuma ya malori, wakikokotwa kuupanda mlima bila ya jasho, ili baadaye wageuze waushuke kwa kasi ya mshale wakiwa na mikungu ya ndizi migongoni mwa baiskeli zao. Dereva wa lori amebeba karatasi ya bima, na ikiwa anavuka mpaka amebeba na kadi ya manjano, bima ya kuvukia nchi za jirani. Kijana aliyeng'ang'ania chuma cha lori hakubeba kitu ila ndizi zake na dua ya mama yake. Baina yao hapana masafa ya dhiraa mbili, walakini mmoja amo ndani ya tarehe ninayotaka kuisimulia, na mwingine yu nje yake.

Neno bima lenyewe limesafiri sana kabla ya kutufikia. Waajemi husema *bim*, maana yake hofu, na kutokana na hofu hiyo watu wa Bara Hindi walipata neno lao la bima, nao wafanyabiashara wao wakalileta pwani yetu pamoja na vitambaa, shanga na daftari za hesabu. Waarabu walishika njia nyingine: wao husema *taamini*, neno lililo ndugu wa amani, amana na imani, kana kwamba walipenda kutaja lile linalotafutwa kuliko lile linalokimbiwa. Hapa Bujumbura, ambapo Kiswahili kimeishi nyumba moja na Kirundi na Kifaransa kwa miaka mingi, mtu wa mtaa wa Buyenzi aghalabu husema asiransi, na ukimwambia bima hukuelewa vilevile. Kwa maoni yangu Waajemi ndio waliosema kweli tupu, kwa kuwa kitu kinachouzwa ni hofu, ila imetiwa wino na kupewa bei.

Na hofu ya kwanza kupewa bei ilikuwa hofu ya bahari. Matajiri wa Gujarati walikuwa na hundi waliyoiita *jokhmi*, ambayo malipo yake yalitegemea kufika kwa shehena salama. Chombo kikizama, hundi hailipwi, na hasara humwangukia yule aliyekubali kuichukua kwa ajili ya faida. London, katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, mabaharia na matajiri wa mwisho wa karne ya 17 walikutana kufanya jambo lililofanana na hilo. Na katika mji huohuo moto mkubwa wa mwaka 1666, uliokula maelfu ya nyumba, ndio uliowafundisha watu kwamba hata kitu kisichosafiri kinaweza kuzama. Wanazuoni wa Kiislamu nao hawakunyamaza. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliuchunguza mkataba wa bima ya baharini waliokuwa wakiufanya wafanyabiashara wa zama zake, akauona haufai, maana mtu hujifunga kulipa asilolazimika kulilipa kisheria. Hoja hiyo ingali hai katika baraza za Buyenzi, na mashaka ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa takafuli, yaani mfuko wa kusaidiana ambao kampuni yake ya kwanza ilifunguliwa Sudan mwaka 1979 na ambao Kenya iliupata mwaka 2011.

Lakini asidhani mtu kwamba kabla ya karatasi hizo Warundi waliishi bila ya hifadhi. Mgonjwa wa mlimani alibebwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji, na majirani waliopokezana mabegani hadi kwa mganga au hospitali. Aliyekataa zamu yake leo alijua kwamba kesho, akiugua yeye, mabega yatakuwa haba. Katika mitaa ya mji hali kadhalika: ikirimba cha akina mama, yaani chama cha kuchangiana, mchango wa msiba, sahani ya wali ipitayo ukutani. Ilikuwa bima iliyo timamu kwa kila sharti isipokuwa moja, nalo ni kwamba iliweza kubeba msiba wa nyumba moja, wala haikuweza kubeba msiba wa mtaa mzima kwa siku moja. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa mji huu ulikuja kulisoma kwa moto.

Usumbura, kama mji ulivyoitwa kabla ya uhuru, ulikuwa kambi ya askari wa Kijerumani, kisha ukatwaliwa na Wabelgiji mwaka 1916 na kufanywa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Reli ya kati ya Tanganyika ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza nafasi zao wenyewe katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, zilizojulikana kwa jina la Belbase. Basi kahawa iliyolazimishwa kupandwa milimani tangu miaka ya 1930 ilishuka ziwani, ikapakiwa melini, ikapanda garimoshi, ikashuka tena bandarini, na kila mahali ilipobadilishwa chombo palikuwa na uwezekano wa kuloa, kuibwa au kuzama. Bima ilikuja na tijara hiyo. Iliandamana na mali iliyosafiri na watu waliokuwa na ofisi Ulaya, nao wachukuzi walioyabeba magunia yale walirudi jioni Buyenzi kwenye michango yao.

Gari ndilo lililobadilisha mambo, kwa sababu gari ni mali ambayo, ikiharibika, yaweza kuharibu na mali ya asiyehusika. Uingereza ilimlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kuwalinda watu wengine tangu mwaka 1930, na Ubelgiji ikafanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1956, na shabaha ya sheria hizo haikuwa kumhurumia mwenye gari bali kumpatia haki yule aliyegongwa, ambaye zamani aliweza kushinda kesi mahakamani akaambulia patupu kwa kuwa aliyemgonga alikuwa fakiri. Hapa ndipo wengi wetu tulipokosea tangu mwanzo. Mtu hulipa bima ya lazima, akaja akagonga mti kwa usingizi wake mwenyewe, kisha akaenda kudai gari lake litengenezwe, na akiambiwa kwamba bima aliyokata ni ya kumlipa mwingine hurudi nyumbani akisema ameibiwa. Hakuibiwa; alinunua dawa ya jirani akaitaka imponye yeye. Atakaye gari lake mwenyewe lilipwe hana budi kukata bima kubwa, ambayo bei yake hupimwa kwa thamani ya gari.

Baada ya uhuru, nchi za eneo hili hazikupenda kuona fedha ya hofu zao ikisafirishwa ng'ambo kila mwaka, nazo moja baada ya moja zikaunda makampuni yao: Tanganyika mwaka 1963, Uganda na Kenya mwaka 1964, Kongo kwa SONAS mwaka 1966, Rwanda kwa SONARWA mwaka 1975, na Burundi kwa SOCABU mwaka 1977. UCAR ilifuata mwaka 1986, na baadaye soko likafunguka kwa wengine. Mwaka 1987 ilianza kufanya kazi kadi ya manjano, iliyotokana na mapatano ya nchi ambazo leo tunaziita za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ili lori la Bujumbura likimgonga mtu katika nchi nyingine mwanachama, kampuni ya huko imlipe aliyeumia kisha idai kwa kampuni ya huku. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika kadi hii ilibaki, nalo ni jambo la busara kubwa kwa nchi kama yetu, ambayo mlango wake wa bahari ni Dar es Salaam.

Watu huuliza kwa nini bima ya gari ni ghali, na jibu moja wanaliendesha kila siku. Burundi tunapita upande wa kulia wa barabara, walakini magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa na usukani upande wa kulia vilevile. Basi dereva wake, atakapo kulipita lori katika barabara ya Bugarama, hana budi kulitoa gari zima nje ya mstari ndipo macho yake yaone kinachokuja mbele. Dawa yake ni kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori, maana kadiri ulivyo mbali nalo ndivyo unavyoona zaidi, na kukubali kwamba kwenye kona hakupitwi mtu. Anayeshuka mlima atumie gia ileile ambayo angepandia, asiiachie breki kazi yote hadi ikaungua. Jambo la pili ni vipuri, ambavyo hununuliwa kwa fedha za kigeni, nazo ni adimu. La tatu ni sisi wenyewe na madai yetu ya uongo, kwa kuwa kampuni haina hazina ya mbinguni, na taa iliyolipwa pasipo haki hulipwa mwakani na wenye haki.

Kuna hila nyingine inayowaponza watu wema. Mtu huandikisha gari kuwa la matembezi ya nyumbani, kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko ya teksi, kisha jioni akabeba abiria. Siku ya ajali, swali la kwanza litakuwa ni nani waliokuwa ndani na walilipa nini, na hapo akiba aliyoipata kwa mwaka mzima hupotea kwa saa moja. Aidha, ajali ikitokea, dereva asiondoe gari kabla polisi hawajapima, isipokuwa kwa kuokoa roho. Apige picha, aandike majina ya mashahidi, asiweke sahihi kwenye karatasi asiyoisoma, na aende kwa kampuni yake ndani ya siku zilizotajwa katika mkataba. Muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nimewajua wawili waliokosa fidia yao kwa sababu walikaa msibani, na karani aliyewakatalia hakuwa mkatili, alisoma tu yaliyoandikwa.

Hayo ni ya gari. Nyumba na duka sheria haikuwasukuma watu, na wasiposukumwa hawakwenda.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura lilishika moto. Lilikuwa kitovu cha biashara ya nchi nzima, lenye maelfu ya wachuuzi waliolaza humo vitenge, viatu, simu, nafaka na mara nyingine fedha taslimu, wakiamini kwamba ukuta na mlinzi vyatosha. Magari ya zimamoto hayakutosha, hata ikabidi helikopta itoke Rwanda kuja kumwaga maji, na ilipofika moto ulikuwa umekwisha jifanyia utakavyo. Wengi wa wale wachuuzi hawakuwa na bima, na wengi walikuwa na deni la benki, ambalo, kwa insafu ya ajabu, halikuungua. Hapo ndipo mchango wa kale uliposhindwa: mama aliyepaswa kumchangia mwenziwe alikuwa amesimama kando yake akitazama moshi uleule. Ikirimba chao kilikuwa na watu wote wa soko moja, na soko lilikuwa moja. Kampuni ya bima, kwa ubaridi wake wote, ina sifa hii moja ambayo jirani hana, kwamba fedha yake imetoka kwa watu walio mbali na moto, na sehemu ya mzigo huo nayo huupeleka kwa makampuni makubwa zaidi, kama Africa Re iliyoundwa mwaka 1976 au ZEP-Re ya Nairobi.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishusha matope na mawe kutoka milimani juu ya mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama na jirani zake, ikaua watu zaidi ya 60 na kubomoa nyumba nyingi za matofali mabichi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi uliingia Gatumba na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda kupita mita 777, likakaa katika vyumba vya watu kama mgeni asiyeaga. Anayeishi bondeni na akatoka kwenda kutafuta bima aulize mapema, kabla ya kulipa, kama mafuriko yamo au yametolewa, kwani bima ya moto peke yake haijui maji. Na vita na ghasia, ambavyo mji huu umevionja vya kutosha, mikataba ya kawaida huvitenga.

Yasiyo na gharama tusiyaache kwa kungoja fedha. Umeme wa REGIDESO, shirika la maji na umeme, ukikatika, zima friji, televisheni na pasi, usingoje urudi kwa kishindo ndipo ujue pasi ilikuwa juu ya nguo. Mshumaa uusimamishe katika sahani yenye maji, mbali na chandarua. Mbabura, yaani jiko la makaa, isilale chumbani na watu, hata kama ni usiku wa baridi, kwa sababu moshi wake usioonekana huua kimya. Mwenye duka apige picha ya bidhaa zake, risiti za duka azilaze nyumbani na za nyumbani azilaze kwa ndugu, kwa kuwa ithibati ikiungua pamoja na mali huwa hakuna mali wala ithibati.

Sheria imejitahidi kuwafuata watu: kanuni ya bima ya nchi iliandikwa upya mwaka 2014, ikarekebishwa tena mwaka 2020, na wakala uitwao ARCA umepewa kazi ya kuyasimamia makampuni. Lakini pita Buyenzi saa mbili za usiku, umeme umekatika, uone gari limelala uani, limefunikwa turubai, na ndani ya kisanduku chake karatasi ya asiransi imekunjwa vizuri, tayari kuonyeshwa polisi asubuhi. Nyuma yake, hatua nne tu, nyumba ambayo thamani yake ni ya magari matatu, mlango wazi, watoto wamelala, na mbabura ikitoa cheche kizingitini.