Kutoka Gari la Mikate Hadi Ujia wa Hosteli: Historia ya Mitandao Isiyo na Mnara

Juzi rafiki yangu aliniuliza kwa nini simu zetu, hata zikiwa meza moja, hazipitishiani ujumbe zenyewe mpaka mnara wa kampuni uingilie kati. Swali zuri, na mimi nina kidonda nalo.

Mwaka 2006 mimi na mwenzangu tulikuwa tunamaliza mradi wetu wa mwisho chuoni. Tulikuwa na grafu safi kabisa zilizotoka kwenye ns-2, programu ya kuigiza mitandao ambayo kila mtu aliitumia wakati huo. Nodi 50 za kubuni, zote zinatembea, pakiti zinafika. Mwalimu alitabasamu. Kisha mwenzangu akasema, kwa nini tusijaribu na mashine za kweli? Tukakopa laptopu tano, tukazipanga kwenye ujia wa hosteli kutoka ngazi hadi bafu, tukaweka kadi za WiFi katika hali ya kuongea moja kwa moja bila kituo, tukaendesha AODV-UU, toleo la itifaki ya AODV lililoandikwa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Matokeo yalikuwa aibu tupu. Nitarudi hapo. Kwanza turudi nyuma, maana aibu yetu ilikuwa na wazee wake.

Hadithi huanzia Hawaii. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitaka kuunganisha visiwa na kompyuta kuu bila nyaya za simu, na Juni 1971 ALOHAnet ikaanza kufanya kazi. Sheria yake mtoto angeielewa: ukiwa na neno, sema. Usipojibiwa, ngoja muda wa kubahatisha, useme tena. Tatizo ni kwamba watu wakisema ovyo hivyo wanagongana, na hesabu inaonyesha kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa ni asilimia 18.4 tu ya uwezo wa masafa inayotumika. Mwaka uliofuata Lawrence Roberts alipendekeza wote waanze kusema kwa mapigo ya saa moja, na kiwango kikapanda mara mbili, hadi asilimia 36.8. Hata hivyo, ALOHA ilikuwa na kituo kimoja katikati. Haikuwa bado mtandao wa majirani kubebeana mizigo.

Huo ulikuja na jeshi la Marekani. Robert Kahn, akiwa DARPA, alisukuma mradi wa redio za pakiti ambao majaribio yake yalifanyika eneo la San Francisco, redio nyingine zikiwekwa juu ya vilima ili kupokezana. Taasisi ya SRI ilikuwa na gari kubwa la umbo la yale ya kusambaza mikate, limejaa mitambo ndani. Tarehe 27 Agosti 1976 walilipaki nje ya baa moja ya Portola Valley iitwayo Rossotti's, wakavuta waya hadi kwenye meza ya uani, na kutoka hapo wakatuma ripoti iliyopita kwenye redio mpaka ARPANET. Mwaka 1977, tarehe 22 Novemba, gari hilohilo lilituma pakiti zilizopita mitandao mitatu: redio, ARPANET na setilaiti, zikavuka bahari hadi Ulaya na kurudi California. Watu wengi huichukua siku hiyo kama ndiyo intaneti ilipothibitishwa. Mimi hupenda kukumbusha kwamba mwanzo wake ulikuwa gari lenye antena, si chumba cha seva.

Shikilia jambo moja hapo: redio zote zile zilikuwa za mwenyewe mmoja. Adui alikuwa nje. Nodi ikikwambia njia ya kwenda kwa fulani iko hivi, uliiamini kwa sababu ni askari mwenzako. Imani ilikuja bure pamoja na sare.

Suala la kugongana nalo halikuisha. Mwaka 1975 Tobagi na Kleinrock walieleza tatizo la kituo kilichofichika. Chukua ujia wetu wa hosteli: wa ngazini na wa bafuni hawasikiani, lakini wote wanasikika na wa katikati. Kila mmoja anasikiliza, anaona kimya, anaanza kusema, na wa katikati anapata kelele. Mwaka 1990 Phil Karn, mhandisi na mpenzi wa redio za ridhaa, alipendekeza dawa: omba ruhusa kwanza kwa ujumbe mfupi, mpokeaji ajibu kwa sauti "sema", na wote wanaomsikia mpokeaji wanyamaze. Wazo hilo likaingia kwenye kiwango cha 802.11 cha mwaka 1997, hiyo WiFi unayoitumia leo.

Mwaka huohuo wa 1997 IETF iliunda kikundi cha kushughulikia mitandao hii, na itifaki zikamiminika. Johnson na Maltz walikuwa na DSR, Perkins na Bhagwat walikuwa wametoa DSDV mwaka 1994, kisha Perkins na Royer wakaleta AODV. Nani bora? Mwaka 1998 kundi la Carnegie Mellon lilizipambanisha itifaki nne katika mwigo mmoja: nodi 50, uwanja wa mita 1500 kwa 300, sekunde 900, kasi ya juu mita 20 kwa sekunde. Ile makala ikawa kama katiba. Sisi tuliinakili mipangilio yake hadi namba ya mwisho, na tulikuwa maelfu duniani tuliofanya hivyo.

Sasa hapa ndipo pana utamu, au uchungu. Katika mwigo ule kila nodi huchagua mahali na kasi kwa bahati nasibu, kati ya 0 na 20, inakwenda, inapumzika, inachagua tena. Unadhani wastani wa kasi ni 10. Fikiria Jogoo Road asubuhi, matatu na mikokoteni vimeachiliwa kwa pamoja. Matatu zinafika, zinapotea machoni. Baada ya saa moja, unaona nini barabarani? Mikokoteni. Nodi iliyochagua kasi ya mita 0.1 kwa sekunde kwenda umbali wa mita 1000 inahitaji sekunde 10,000, na mwigo wako unakatika kwenye 900. Kwa hiyo kadiri muda unavyokwenda nodi zako zinazidi kuwa kobe, na grafu unayoiita ya mwendo kasi si ya mwendo kasi. Yoon, Liu na Noble walilionyesha hili mwaka 2003. Miaka mitatu kabla ya mradi wetu! Hatukuwa tumesoma, na mwalimu wetu pia hakuwa amesoma. Mwaka 2005 Kurkowski na wenzake walipitia makala 151 za mkutano wa MobiHoc, wakakuta 114 zilitegemea mwigo, na chini ya asilimia 15 ndizo mtu mwingine angeweza kuzirudia.

Kuhusu uwezo, hesabu ilikuwa imeshatoa hukumu mapema. Gupta na Kumar, mwaka 2000, walithibitisha kwamba nodi zikiongezeka, fungu la kila mmoja linapungua kuelekea sifuri. Mwaka uliofuata Li na wenzake wa MIT walichukua mlolongo mmoja tu wa nodi. Ikisema ya kwanza, majirani zake lazima wanyamaze, kwa hiyo ukifanya vizuri unapata robo ya kasi. WiFi ya kweli katika mwigo wao ilitoa sehemu moja kwa saba: kutoka megabiti 1.7 kwa sekunde hadi 0.25. Tungesoma makala hiyo moja tusingeshangaa kule hosteli, ambako faili iliyoruka kati ya laptopu mbili ilitambaa kama konokono ilipopita nne.

Lakini aibu kubwa ilikuwa laptopu ya tatu. Ilijibu kila ombi la njia: ndiyo, pitia kwangu. Ukipitia kwake, kimya. Ilituchukua usiku mzima kugundua kwamba faiwoli yake iliruhusu ujumbe wa AODV na kutupa data yote ya watu wengine. Hakukuwa na adui. Tulikuwa tumetengeneza shimo jeusi kwa mikono yetu, na itifaki haikuwa na njia yoyote ya kushuku.

Watafiti walikuwa wameshaliona. Mwaka 1999 Zhou na Haas waliandika juu ya usalama wa mitandao hii, na mwaka huohuo Stajano na Anderson wakatoa tahadhari ambayo mpaka leo naipenda: huhitaji kuvunja siri ya kifaa kidogo, kinyime usingizi tu mpaka betri ife. Mwaka 2000 Marti na wenzake wa Stanford wakaleta mbwa mlinzi: ukimpa jirani pakiti, tega sikio uone kama ameisambaza. Ilisaidia, ila ilikuwa na kichekesho ndani yake. Mvivu akikamatwa, wenzake wanamkwepa, yaani anaondolewa kazi huku pakiti zake bado zinabebwa. Mwanachama wa chama asiyechanga na bado anapewa zamu yake! Buttyán na Hubaux wakapendekeza sarafu ya kubuni, ubebe mizigo ya wengine ndipo upate ya kulipia yako.

Hu, Perrig na Johnson ndio walioenda mbali zaidi. Ariadne yao ya mwaka 2002 ililinda njia kwa hesabu nyepesi, kwa sababu saini nzito kwenye kila hatua zingemaliza vifaa vya wakati ule. Mwaka 2003 wakaeleza shambulio walilolipa jina la tundu la mnyoo, nami naona Kiswahili kina jina tamu zaidi: njia ya panya. Wezi wawili wana kiungo chao cha siri, wanazinyakua pakiti upande huu na kuzitema upande ule bila kugusa hata biti moja. Usimbaji wako uko salama salimini, na bado mtandao mzima unaamini walio mbali ni majirani. Dawa yao ilikuwa kupima muda wa safari ya pakiti. Sasa piga hesabu: ishara ya redio huenda mita 300 kwa mikrosekunde moja, na masafa ya redio katika ns-2 yalikuwa mita 250. Saa ikikosea mikrosekunde moja tu, kipimo hakina kazi.

Rafiki yangu atasema hayo ni ya zamani. Bridgefy, programu ya kupitishiana ujumbe kwa Bluetooth, ilitumika na waandamanaji Hong Kong. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha kwamba ujumbe wake ungeweza kusomwa, watumiaji kufuatiliwa, na mtandao wote kuzimwa kwa ujumbe mmoja uliobanwa kwa hila ambao hufumuka ukifunguliwa. Kampuni ikaleta usimbaji mpya. Mwaka 2022 ukavunjwa tena. Hapo aliye hatarini si mwanafunzi na grafu zake. Ni mtu aliyesimama barabarani na askari mbele yake.

Wiki iliyopita niliitafuta ile CD ya mradi. Skripti bado zinasomeka. Niliweka kasi ya chini kuwa mita 1 badala ya 0, nikatupa sehemu ya mwanzo ya kila mwigo, nikaendesha upya usiku kucha. Pengo kati ya AODV na DSR ambalo tulilitetea mbele ya jopo kwa dakika ishirini limepungua mpaka siwezi kulitofautisha na bahati. Nimemtumia mwenzangu grafu mpya. Anasema tusimwambie mwalimu.