Isyo na Daktari Burkitt

Wako vijana wa Malili waionao isyo kuwa chakula cha kishamba, wakatamani mkate mweupe na nyama kila siku. Na wasikilize habari hii.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alifika Uganda mwaka wa 1946. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walitangaza jambo ambalo waungwana hawalitaji: uzito wa choo. Wanakijiji wa Uganda walipata karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita matumboni mwao kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walipata gramu 104, kwa saa 83. Sababu, walisema, ilikuwa makapi, yaani nyuzi za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga.

Makapi hayo ni chakula cha bakteria wa utumbo mpana. Wakiyapata huyachachusha, na hewa itokayo, ijapokuwa nyingi, hainuki sana. Wakiyakosa, huozesha mabaki ya nyama, ndipo choo hunuka kama yai viza.

Basi, mahindi yasiyokobolewa na kunde za mama si chakula cha kuonewa haya.