Ile "-ni" ya Likoni na ya Ndithini

Likoni ni kwenye liko, yaani pa kupandia na kushukia vyombo. Shimoni, Kwale, ni kwenye shimo, kwa mapango yake. Mnarani, Kilifi, vivyo hivyo. Basi nenda bara hadi Ndithini, wadi ya Masinga kule Machakos, utaukuta mkia uleule. Wakamba hawakutuiga, Kikamba ni Kibantu kama chetu, na "mũsyĩ", yaani kwao mtu, akiwa huko husema "mũsyĩnĩ".

"-ni" hii hugeuza kitu kikawa mahali, kisha kitenzi kikafuata. "Dukani pana watu" ni pale hasa. "Kuna watu" ni upande ule. "Mna watu" ni ndani. Siku hizi vijana wetu hushika "kuna" pekee, na hiyo ni hasara. Wengine huandika "kwenye sokoni". Chagua moja: kwenye soko, au sokoni.

Lakini tahadhari, msomaji. Sahani, jirani na shetani ni za Kiarabu, zimekuja na "-ni" zao. Na "njooni" si mahali, ni kuita watu wengi.