GNU au Linux: Jina ni la Nani?
Wahakiki tumezoea kuuliza: kazi hii mtunzi wake nani? Swali hilo limewagombanisha hata watunzi wa programu huria. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza GNU, mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta, ambao kila mtu angeruhusiwa kuunakili na kuubadili. Kufikia 1991 sehemu nyingi zilikuwa tayari, kiini bado. Mwaka huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini chake, Linux. Vikaunganishwa, basi watu wakaita vyote Linux. Mwaka 1994 Debian wakaanza kusema GNU/Linux, jina ambalo Stallman analishikilia hadi leo. Ati refu mno, linachosha ulimi! Sawa, lakini mimi naona anayefuta GNU hafuti herufi tatu tu. Anafuta pia dai la uhuru lililouzaa mfumo wenyewe.