Minervali ya vyuo vikubwa vya Marekani: jamaa ya kipato cha kati hulipa nini?

Jamaa nyingi za mashariki mwa Congo zilipokelewa Marekani kama wakimbizi, na leo watoto wao wanamaliza sekondari huko. Mzazi akisikia bei ya chuo kama Harvard, mara nyingi hukata tamaa kabla ya kuuliza. Hapa tunaeleza bei hiyo inavyohesabiwa, nani husaidiwa, na mahali ambapo kipimo kinaonea watu.

Bei inayotangazwa na bei inayolipwa

Mwaka wa masomo 2024–2025, Harvard ilitangaza minervali ya dola 56,550. Ukiongeza chumba, chakula na ada nyingine, jumla ilipita dola 82,000. Lakini si wote wanaolipa hivyo. Chuo huangalia mapato na mali ya wazazi, hukadiria wanachoweza kutoa, kisha hujaza pengo kwa burse, yaani msaada usiorudishwa. Princeton iliamua tangu 2001 kutoa burse mahali pa mikopo.

Jamaa za katikati

Tajiri hulipa bila shida, na maskini ana burse ya serikali iitwayo Pell. Anayebanwa ni yule wa katikati: kwa mfano baba dereva wa lori na mama muuguzi. Mshahara wao ni mwingi mno kupata Pell, lakini hauwezi kutoa dola 80,000 kwa mwaka.

Vyuo vyenye akiba kubwa vimeanza kujibu. Tangu 2025, Harvard na MIT haviombi minervali kwa jamaa yenye mapato yasiyofika dola 200,000 na mali ya kawaida. Wenye chini ya dola 100,000 hawalipi hata chumba na chakula. Lakini vyuo hivi huchukua wanafunzi wachache sana. Vyuo vingi vingine vya binafsi vina bei kubwa bila akiba ya namna hiyo, na pengo huwa deni la mtoto na mzazi.

Haki iko wapi?

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, kwa alama sawa za mtihani, mtoto wa jamaa za asilimia 1 ya juu kwa mapato alikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma katika vyuo 12 vikubwa kuliko mtoto wa kipato cha kati. Sababu moja ni upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo zamani.

Fomu ya serikali, FAFSA, nayo ina mapungufu. Tangu 2024–2025 haipunguzi tena mzigo wa mzazi mwenye watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja. Vilevile haitoi nafasi kwa pesa unazotuma Bukavu au Uvira kulea wazee na yatima. Kwa hesabu yao, pesa hizo bado ziko mfukoni mwako.

La kufanya

- Usiamue kwa bei ya kwanza. Sheria inadai kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi.
- Jaza FAFSA mapema. Mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu anaruhusiwa.
- Ukipoteza kazi au ukiwa na gharama kubwa za hospitali, andikia ofisi ya msaada ya chuo na uambatanishe vithibitisho. Ina mamlaka ya kurekebisha hesabu. Eleza pia jamaa unaowatunza nyumbani.
- Angalia vyuo vya namna nyingine. Berea, huko Kentucky, kilianzishwa 1855 na mchungaji John Fee aliyepinga utumwa. Hakidai minervali tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni.

Kanisani mwenu kuna mzazi aliyekwisha kujaza fomu hizi. Aketi na wengine Jumapili moja baada ya ibada, maana mtoto asikose chuo kwa sababu tu hakuna aliyemweleza.