Kijani ao Nyeusi?

Ukiuliza wanafunzi wa Butembo ao wa Beni rangi gani ni alama ya kulinda mazingira, wote wanasemaka: kijani. Sisi hatukubali haraka vile. Kijani kilijaa kwenye bendera ya Zaire toka 1971 mpaka 1997, na miti iliendelea kukatwa juu ya makala.

Tena vilima vya Butembo ni vya kijani mwaka muzima, kwa sababu ya mikaliptusi. Muti huo wa kutoka Australia unakomaa mbio, unatupatia mbao na kuni za kuchoma matofali, hatuutukani. Lakini unakunywa maji mingi, na ukipandwa karibu na chemchemi, chemchemi inapunguka.

Lugha yenyewe inatukumbusha: katika Kiswahili rangi zenye kugeuka kufuata jina ni tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kijani kilitolewa kwa jani. Nyeusi ni ya udongo wenye mbolea, kama ule wa chini ya musitu. Mvua ikiuchukua, kilima kinabakia chekundu, na maharagi hayazai tena vizuri. Basi sisi tunachagua nyeusi. Mulimaji akienda kununua shamba, anachimba kwanza kidogo na jembe, anaangalia.