Reli za Bustanini na Mikono Iliyozitunza

Ukizungumzia garimoshi dogo linalozunguka bustanini, watu wengi hudhani unazungumzia vitu vya kuchezea watoto. Historia yake inasema vingine. Tangu mwanzo hii ilikuwa kazi ya wahandisi na mafundi, na kilichoibadilisha zaidi ni mvua, jua, mizizi ya miti na udongo usiotulia. Madukani mabadiliko hayo yalifuata baadaye.

Sir Arthur Heywood, Mwingereza, alianza kutandika reli nyumbani kwake Duffield Bank, Derbyshire, mwaka 1874. Upana kati ya reli zake mbili ulikuwa inchi 15, yaani sentimita 38 tu. Heywood alikuwa na hoja ya kuthibitisha: kwamba reli nyembamba kiasi hicho ingeweza kuhudumia mashamba makubwa, machimbo, hata jeshi. Akaipandisha kwenye mteremko mkali, akachimba mahandaki, akajenga injini katika karakana yake mwenyewe. Jeshi halikushawishika. Lakini mwaka 1896 reli aliyoijenga Eaton Hall, makazi ya Duke wa Westminster karibu na Chester, ilianza kubeba makaa ya mawe na matofali.

Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakishughulikia tatizo jingine. Kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake, kwa hiyo behewa la huku halikupita kwenye reli ya kule. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen ilileta reli za upana uliopangwa kwa namba. Namba 1, ambayo leo ni milimita 45, ndiyo iliyodumu bustanini mpaka sasa. Nadhani uamuzi huo una uzito kuliko injini yoyote iliyoufuata, kwa sababu ndio unaomwezesha mtu kutandika reli leo na mjukuu wake kuja kupitisha treni nyingine juu yake.

Kule Northampton, W. J. Bassett-Lowke, aliyeanzisha kampuni yake mwishoni mwa karne ya 19, aliuza injini za mvuke zilizofuata sura ya treni halisi za Uingereza. Nyingi za mwanzo zilitengenezwa na viwanda vya Nuremberg, na mhandisi Henry Greenly alikuwa mchoraji wake mkuu. Vita Kuu ya Kwanza ikakata njia hiyo ya biashara. Baadaye nyumba za mijini zikazidi kuwa ndogo, treni nazo zikapunguzwa zikaingia ndani, juu ya meza.

Waliobaki nje walikuwa wachache, ila walikuwa na bidii. Roland Callingham, mhasibu wa London, alifungua kijiji chake cha mfano, Bekonscot, huko Beaconsfield mwaka 1929, na reli ya Namba 1 ikipita katikati ya vibanda, vidimbwi na miti iliyopogolewa. Treni zake bado zinatembea. Marekani, Walt Disney alikuwa na reli ya mvuke nyuma ya nyumba yake Los Angeles kuanzia 1950, ikiwa na handaki lililopita chini ya bustani ya maua ya mkewe Lillian. Injini yenyewe aliiita Lilly Belle. Reli hiyo aliifunga mwaka 1953 baada ya mtoto kuunguzwa na mvuke. Miaka miwili baadaye Disneyland ilifunguliwa, ikizungukwa na reli.

Mgeuko mkubwa ulitokea mwaka 1968. Kampuni ya Lehmann, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ilihamia Nuremberg kutoka Brandenburg, ilitoa treni za LGB za upana uleule wa milimita 45, zilizokusudiwa kuachwa nje. Reli zilikuwa za shaba ya manjano, isiyoshika kutu kama chuma, na mataruma yalikuwa ya plastiki iliyotengenezwa kuhimili jua.

Hata hivyo, shaba haikumwondolea mtu kazi. Kipande cha mita 10 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 6. Usipoacha nafasi ndogo kwenye maungio, reli itapinda mchana na treni itaanguka. Kokoto za kutandika chini ziwe zimepondwa, zenye kona, ili zishikane. Za mviringo za mtoni huteleza na kuachia mataruma. Maji yapate pa kutokea. Juu ya reli hujitokeza utando unaozuia umeme, na konokono akipita usiku huacha ute ambao asubuhi unaifanya injini isite. Mwenye reli hupita kwanza na kitambaa na sponji ngumu, akiwa amepiga magoti, kabla ya kuwasha chochote.

Ndiyo maana wengine wamerudi kwenye mvuke wenyewe. Injini hizo hazihitaji umeme wa relini. Unajaza maji yaliyoondolewa chumvi, unatia mafuta mazito ya kulainisha silinda, unaweka gesi, unawasha, kisha unasubiri dakika chache mpaka shinikizo lipande. Mlio wa mvuke ukianza kutoka, hata mzee wa miaka sabini huchuchumaa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuijali historia hii. Vipimo vingi vya LGB ni sehemu moja kwa 22.5, na mita moja ikigawanywa kwa 22.5 inatoa milimita 44.4. Yaani reli ya milimita 45 ni picha ya reli ya upana wa mita: ileile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901, na ileile ya Dar es Salaam hadi Kigoma iliyokamilika 1914. Treni zetu zinaingia kwenye vipimo hivyo bila kulazimishwa.

Chukua injini ya daraja la 59, zile injini 34 za aina ya Garratt kutoka kampuni ya Beyer Peacock, zilizopewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, imetunzwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Injini kamili ina urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa kipimo hicho mfano wake utakuwa karibu mita 1.4, mrefu kuliko mabehewa mengi ya bustanini. Lakini Garratt ilibuniwa ikunjike kwenye maungio mawili, chombo cha mvuke kikining'inia katikati, ili ipite kwenye kona kali za bondeni na milimani. Fundi wa Nairobi au Morogoro akiamua kuunda mfano wake, kona za uwanja mdogo hazitamzuia. Kitakachomsumbua zaidi ni mchwa, kwa hiyo mataruma yasiwe ya mbao laini.